Fundi anajibu: Pazia la mtumba, kava la kochi na shuka ya nne kwa sita

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa watu walionunua vitambaa vya nyumbani kwenye mtumba, wakafika navyo nyumbani wakakuta havitoshi dirisha, kochi wala kitanda. Vipimo vyote hapa ni sentimita, isipokuwa pale tulipotaja inchi au futi. Nafasi ya mshono ni 1.5 kila upande.

Shikamoo fundi. Nimenunua pale soko la Memorial jozi ya mapazia mazito ya ringi, yenye bitana. Lebo inasema 168 x 183. Bomba langu lina urefu wa 240, na juu yake ni 215 kutoka sakafuni. Nikiyatundika yanaishia hewani, na nikiyafunga yananyooka kama ubao. Nimtafute muuzaji nirudishe? (Dada wa Moshi)

Marahaba. Usirudishe, mradi kitambaa chenyewe kizima. Hiyo 168 x 183 ni saizi ya kawaida ya Uingereza, inchi 66 kwa 72. Namba ya kwanza ni upana wa pazia moja, si wa jozi. Ya pili ni urefu. Utakutana pia na 117 x 137 na 228 x 228. Zikariri hizo tatu kabla ya kwenda sokoni, maana muuzaji atakuambia "hili la dirisha kubwa" kila unapouliza.

Mapazia yako mawili yana jumla ya 336. Gawanya kwa 240 unapata 1.4. Pazia la ringi linahitaji walau mara 1.5 ya bomba ili lijikunje vizuri, na la tepu ya marinda linataka mara 2. Ndiyo maana yamenyooka. Kwa urefu, pazia la ringi hupanda kama 4 juu ya bomba, na chini liachwe 2 lisifagie sakafu. Kwa hiyo unataka 217. Umepungukiwa 34.

Ongeza pande mbili: ubavuni na chini, kwa kitambaa kimoja chenye rangi moja, ili ionekane ulikusudia. Pazia jingine moja la mtumba la 228 x 228, au shuka nzito ya ukubwa huo, litatoa vipande vyote. Kitenge peke yake ni chepesi mno kwa chini: pazia zito likiishia na kitambaa chepesi, ule upande wa chini hupeperuka na kujikunja. Ukikitaka, kitie bitana.

Fua kwanza vitambaa vyote, cha zamani na cha kuongezea. Kimoja kikirudi baada ya kushonwa, mshono wa kuungia utavutika na kufanya mawimbi, na hakuna pasi ya kuyatoa.

Kisha fumua pindo la chini na la ubavu mmoja, ule utakaokaa ukutani, si ule wa katikati ya dirisha. Kata pazia kwenye alama ya pindo la zamani la chini, kwa sababu pale rangi imeshapauka. Kipande kinachotoka usikitupe, kinatosha kamba ya kufungia pazia. Kwa kila pazia, kata kipande cha ubavuni cha 36 x 195. Hapo 12 za juu ni za kukunja pamoja na tepu ngumu ya ringi, 1.5 ni za kuungia, na 4 ni za pindo la pembeni la kukunja mara mbili. Zinabaki kama 30. Kiunge na pazia kwanza. Ndipo uunge kipande cha chini chenye urefu wa 53: 34 ulizopungukiwa, 3 za mishono, na 16 za pindo la 8 linalokunjwa mara mbili. Sasa una 396 kwa bomba la 240, yaani mara 1.65.

Kwenye zile 30 weka ringi mbili, si moja. Idadi ya ringi kwa kila pazia lazima iwe shufwa ili kingo zote mbili zielekee ukutani. Ukiweka witiri, upande mmoja utachomoza chumbani kila ukifungua pazia.

Halafu bitana. Wengi huisahau. Sehemu mpya isipokuwa na bitana, mchana itang'aa kuliko pazia lililobaki na kila kiraka kitaonekana. Shuka kuukuu ya rangi ya maziwa inafaa. Iishie 3 juu ya pindo la pazia na isishonwe nalo chini, kila kimoja kining'inie peke yake.

Fundi, salaam. Nina mito sita ya kukalia, sponji 50 x 50 na unene wa 10, na jozi ya mapazia ya mahameli 168 x 183 yenye tepu ya marinda juu. Yatatosha makava sita? Yale ya mwanzo niliyoshonewa yamelegea, na pembe za juu na za chini hazikutani, kava lote limejipinda. (Mama wa Kisauni, Mombasa)

Wa alaykum salaam mama. Yatatosha, makava matatu kwa kila pazia, ila kwa kubana.

Tuanze na kulegea. Fundi akipima sponji akaongeza nafasi ya mshono, kisha akaongeza kidogo "lisibane", kava litalegea ndani ya mwezi, kwa kuwa kitambaa hutanuka kikikaliwa na sponji husinyaa. Kava linatakiwa liwe dogo kuliko sponji. Kwa 50 kata 52 x 52, ukishashona unapata 49, na sponji italijaza lote mpaka pembeni.

Kwa kila mto kata: vipande viwili vya 52 x 52, mkanda wa 133 x 13, na mikanda miwili ya zipu ya 69 x 8.5. Panga hivi kwenye pazia. Safu mbili za vipande vitatu vitatu vya 52 (upana 156). Chini yake mikanda mitatu ya 133, mmoja chini ya mwingine. Kisha safu tatu za mikanda ya zipu, miwili kila safu. Hesabu yote inakula 168.5 ya urefu. Ukikata 8 za juu zenye matundu ya tepu na kufumua pindo la chini, utabaki na zaidi ya 180. Ikiwa pazia lina mshono wa kuunga katikati, uelekeze uangukie kwenye mkanda wa nyuma, kamwe usiwe juu ya mto.

Mikanda ikatwe kwa upana wa pazia, si kwa urefu. Mahameli ina manyoya yanayolala upande mmoja: pitisha kiganja, upande mmoja ni laini, mwingine unakwaruza na rangi yake inaonekana nzito zaidi. Ukikata hivyo, manyoya ya mkanda yatalala kwenda chini. Ya juu ya mto yalale kuja mbele. Chora mshale wa chaki nyuma ya kila kipande kabla hujakitoa mezani, maana vikishachanganyika utapata mito sita yenye rangi mbili na utamlaumu muuza pazia.

Zipu nunua ya mita, ni nafuu kuliko za kipande, na ukate 69. Kunja 2 kwenye ukingo mmoja mrefu wa kila mkanda wa zipu, weka mikunjo miwili ikutane katikati ya meno, shona umbali wa milimita 6 kutoka kwenye mkunjo. Pima upana: uwe 13. Ukizidi, punguza sasa. Ingiza kichwa cha zipu na ushone kingo zote mbili kwa kupita juu ya meno mara tatu, kichwa kisichomoke.

Unga mkanda wa zipu na mkanda mrefu upande mmoja tu. Zungusha kwenye kipande cha kwanza kwa pini, katikati ya zipu ikae katikati ya upande wa nyuma. Zipu itazidi upande wa nyuma kama 8 kila pembe, ndivyo inavyotakiwa, la sivyo sponji haitaingia bila kurarua kitu. Ukihakikisha mzunguko umetimia, funga mshono wa pili wa mkanda. Ukifunga kabla ya kuzungusha, mkanda utazidi au utapungua nusu inchi, na hiyo nusu inchi itaishia kwenye pembe.

Kwenye pembe, chanja mkanda kwa mkasi sentimita 1 tu, usifike kwenye mstari wa mshono. Shusha sindano ndani ya kitambaa, inua mguu wa cherehani, geuza, endelea.

Sasa kule kujipinda. Baada ya kushona kipande cha kwanza, weka rula kwenye kila pembe na uchore mstari ulionyooka kukatiza mkanda hadi ukingo wa pili. Mistari hiyo minne ndiyo mahali pembe za kipande cha pili zinapokaa. Fundi aliyekushonea aliungaunga akizunguka bila alama. Cherehani husukuma kitambaa cha juu mbele kidogo kidogo, na alipofika mwisho pembe zilikuwa zimehama. Fungua zipu kabla ya kushona kipande cha pili. Usipofungua hutaweza kuligeuza.

Mahameli inateleza sana. Piga bandi kwa mkono kabla ya cherehani, pini hazitoshi. Sindano namba 90/14, hatua ya mshono milimita 3 hadi 3.5, na kama cherehani yako ina skrubu ya kukandamiza mguu, ilegeze kidogo. Usipige pasi upande wa manyoya. Pigia nyuma huku uso umelalia taulo.

Kagua na sponji pia. Ibonye kwa kidole: ikibaki na shimo, au ikitoa unga, imekwisha, kava jipya halitaisaidia. Ikiwa imechoka kidogo tu, izungushie pamba nyeupe ya poliesta ya unene wa 1, pembe zitajaa.

Habari fundi. Kitanda changu ni futi 4 x 6, godoro inchi 8. Makava ya duveti (mifuko ya kitambaa ya kuvalisha blanketi nene) ya mtumba yanauzwa bei ndogo kuliko shuka. Naweza kulifanya shuka? (Mwanafunzi, Dodoma)

Unaweza, na ni biashara nzuri kuliko zote za mtumba, maana watu wengi hapa hawatumii duveti. Tafuta la 200 x 200 la pamba. Fumua pande tatu, uache mkunjo mmoja. Ukilifungua una kitambaa cha 200 x 400. Kata kingo zenye vifungo.

Kitanda chako ni 122 x 183. Ongeza unene wa godoro, 20 mara mbili, na 15 kila upande za kuchomeka chini: unapata 192 x 253. Kata 200 x 259, kunja pindo. Upana wa ziada utaishia kwenye mapindo. Kwa kitanda cha tano kwa sita usijaribu na kava hili: upana utakaotaka ni 222, na shuka ya 200 itachomoka kila usiku. Tafuta la 230 x 220.

Kwenye kipande kilichobaki, kama 200 x 140, zinatoka foronya mbili za 50 x 75. Kata 53 x 177 kila moja. Ukingo mmoja mfupi kunja 1 halafu 4. Wa pili kunja 1 halafu 1. Zinabaki 170. Tandaza uso ukiangalia juu. Pima 75 kutoka kwenye pindo pana, kunja hapo, uso kwa uso. Upande wa pili zitachomoza 20. Zikunje zirudi juu ya pindo pana. Shona pande mbili ndefu, geuza. Zile 20 zitakuwa mfuko wa ndani unaoshika mto, huhitaji kifungo wala zipu. Makosa ya kawaida hapa ni kuzikunja zile 20 kwanza, kisha kuleta pindo pana juu yake. Ukigeuza, mfuko unatokea nje.

Hujambo fundi. Pale soko la Gikomba nitajuaje kitambaa kimekufa kabla sijalipa? (Msomaji wa Nairobi)

Hatujambo. Rangi isikudanganye, kitambaa cha pazia huuawa na jua, na jua huanza na nguvu ya uzi. Shika sehemu iliyokuwa ikitazama dirisha, yaani kingo na mikunjo ya mbele, kwa vidole gumba viwili vikiwa karibu, uvute kwa nguvu pande zote mbili, wima na mlalo. Ukisikia nyuzi zikipasuka, kiache hata kama ni cha bure. Fanya hivyo hivyo kwenye bitana: mara nyingi bitana imeoza na pazia lenyewe zima, na hapo unaweza kuteremsha bei na kubadilisha bitana tu.

Pili, kiinue dhidi ya mwanga. Matundu ya nondo na sehemu zilizochakaa huonekana hapo, si ukikiangalia mezani.

Tatu, geuza nyuma. Mapazia mengi ya kuzuia mwanga yana ngozi nyeupe kama ya mpira. Ikiwa inanata au imepasuka vipande, haitengenezeki. Ikiwa nzima, kumbuka kila tundu la sindano hubaki milele, kwa hiyo hutafumua na kushona upya, na pasi ya moto isiguse upande huo. Usitumie pini pia, banio za nguo zinafaa zaidi.

Ukitaka kujua ni pamba au la, omba uzi mmoja wa pindoni uuchome. Pamba na kitani huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi. Kwa shuka chukua ya kwanza. Kwa pazia la dirisha linalopigwa na jua kutwa, poliesta si mbaya hata kidogo.

Cherehani yangu ni Butterfly ya miguu. Kwenye kitambaa kinene inaruka mishono, na kwenye pazia jepesi la ndani inakunja kunja. Chini uzi unajaa vitanzi. (Mwanza)

Hayo ni matatizo matatu, ingawa yanafanana. Vitanzi vya chini husababishwa na uzi wa juu, si wa bobini: inua mguu, toa uzi, utie upya ukihakikisha umeingia katikati ya visahani vya kukazia. Ukitia uzi mguu ukiwa chini, visahani vimebana na uzi hukaa juu juu tu.

Kuruka ni sindano. Badilisha, kwa kitambaa kinene 100/16, na uisukume mpaka mwisho kabla ya kukaza skrubu. Nunua ile yenye bapa upande mmoja wa shina. Sindano za cherehani za kiwandani zina shina la mviringo na wauzaji huzichanganya.

Pazia jepesi: sindano 70/10 mpya, legeza uzi wa juu kidogo, hatua ya milimita 2.5 hadi 3, na ushike kitambaa mbele na nyuma ya mguu bila kukivuta. Ikishindikana, weka karatasi nyembamba chini, shona juu yake, halafu ichane.

Nimeona alama nyeusi kwenye mishono ya mito ya mtumba. Ni kunguni? (Tanga)

Vitone vyeusi vinavyosambaa kama wino ukivilowesha, vikiwa kwenye mshono au pembeni ya zipu, ni kinyesi chao. Mto wenyewe usiingize ndani, kununua sponji au pamba mpya ni rahisi kuliko kufukuza kunguni kitandani. Kava la pamba linaokoleka: libebe kwenye mfuko uliofungwa, litumbukize moja kwa moja kwenye maji yasiyopungua nyuzijoto 60 na uliache humo nusu saa, ukiongeza maji ya moto yakipoa. Kuanika juani peke yake hakutoshi, wanajificha upande wa kivuli. Mahameli na vitambaa vya sufu havivumilii maji hayo, kwa hivyo ukiona alama kwenye vitambaa hivyo, pita.

Viti vya mezani vya mbao, kitambaa kimechanika. Vinahitaji cherehani? (Mjini Zanzibar)

Hapana. Kipindue kiti, fungua skrubu nne, toa ubao wa kukalia. Ng'oa pini za zamani za stepla kwa bisibisi bapa na utumie kitambaa cha zamani kama kiolezo, ukiongeza 3 kuzunguka. Piga pini ya kwanza katikati ya mbele, ya pili katikati ya nyuma huku ukivuta, kisha katikati ya kila ubavu, ndipo uende pembeni. Ukianzia pembeni kitambaa kitapinda na mistari yake haitanyooka tena. Pini za milimita 8 zinatosha kwa ubao mwembamba. Ndefu zaidi zinaweza kutokea juu. Usifunike matundu ya skrubu.